Neno la Babu Kwenye Friji

Katika nyumba ya Madam Hala, mtaa wa Al-Shumaisi, Riyadh, ombi halikusemwa kwa mdomo. Liliandikwa kwa Kiingereza na kubandikwa kwenye friji, naye madam, mwalimu wa lugha hiyo, alilisahihisha kwa wino mwekundu kabla ya kukubali au kukataa.

Rosebellah, mtumishi wa nyumba hiyo, alikuwa na ombi moja tu. Familia ilikuwa ikienda Jeddah, naye alitaka nafasi garini akamwone dada yake Rael, aliyepanga chumba huko, mtaa wa Ruwais. Hawakuwa wameonana miaka minne. Lakini kizuizi alikijua: mtumishi aliyemtangulia alipelekwa Jeddah, akaaga kwenda kununua sabuni, na hadi leo sabuni haijafika.

Basi akaazima Kiingereza cha babu yake, mzee wa kanisa aliyesomeshwa na wamisionari, akaomba kiti kwa kitenzi “vouchsafe”.

Kalamu nyekundu ikasimama hewani.

“Wewe! Neno hili umelitoa wapi?”

“Kwenye sala za babu, madam. Kila asubuhi alimwomba Mungu kwa neno hilo atukinge na dhambi. Maana yake, aliye juu ainame, ampe aliye chini.”

“Kwa hiyo mimi ni Mungu?”

“Hasha, madam. Ila gari ni lako.”

Madam akauma mdomo asicheke, akafungua kamusi nene. Alisoma kwa kitambo.

“Babu yako hakukumalizia. Asili yake ni maneno mawili: kudhamini, na salama. Watu wa kale walipotoa kitu kwa neno hili, walikidhamini pia.”

“Halas, basi, Hala!” mumewe akadakia kutoka sebuleni. “Ukimpa kiti, mdhamini ni wewe. Akitoroka, usiniambie tutafute mtumishi mwingine.”

Rosebellah akaona safari yake inazama. Madam akafunga kamusi kwa kishindo.

“Basi nampa, na namdhamini. Nitampeleka kwa dada yake mimi mwenyewe, nitaketi, nitamrudisha.”

Huko Jeddah, Rael alikuwa ameweka akiba ya umbea wa miaka minne, mwingi wake ukiwahusu mamadam. Alipofungua mlango akamwona mmoja wao nyuma ya dada yake, aliumeza wote, akaandaa chai. Lakini umbea haukukaa tumboni. Punde ndugu wale wakahamia Kimaragoli, lugha ya kwao, nyuso zimetulia kama za wanakwaya.

“Mnasema nini?” madam akauliza, akimega chapati ya tatu.

“Rael anakushukuru, madam.”

“Muda wote huu?”

“Ni watu wa shukrani nyingi sisi, madam.”