Kizibo Chini ya Sinki

"Usiachie," alisema Orville, na Marlys akamjibu kwamba ataachia vipi wakati limashine lote limemlalia kifuani.

Walikuwa wamelala chali, wazee wawili, vichwa ndani ya kabati la sinki, miguu nje kwenye sakafu ya jikoni, kama watoto waliojificha wakasahau nusu ya mwili. Mashine ya zamani ya kusagia mabaki ya chakula, ile inayoning'inia chini ya sinki, ilikufa Jumapili, maganda ya viazi yakiwa bado tumboni, na sasa walikuwa wakifunga mpya. Binti yao Corinne alishapiga simu kutoka Cleveland: ameita fundi, atafika saa tisa, na baba asiguse kitu.

Asiguse! Orville Tessmer alikuwa fundi bomba pale Toledo miaka thelathini na minane. Nusu ya masinki ya mtaa ule kayafunga yeye. Lakini mikono, we acha tu. Tangu mwaka juzi inatetemeka, hata kikombe cha kahawa anajaziwa nusu. Na alishaapa mbele ya mkewe kwamba siku fundi mwingine atakapopiga magoti jikoni kwake, nyumba iuzwe, yeye apelekwe makao ya wazee akalishwe kwa kijiko. Marlys hakutaka kuhama. Ndiyo maana mchana ule alizima umeme, akavua pete, akajilaza chini. Miaka arobaini na tisa ya ndoa, hakuwahi kuruhusiwa kule.

Kazi ikaenda. Yeye ananyanyua, Orville anaelekeza: masikio matatu yaingie kwenye mapengo yake, zungusha, bado, bado kidogo, hapo hapo. Mashine ikajifunga, ikaning'inia yenyewe.

"Una mkono wa spana wewe," Orville alisema. "Siku zote nilikuficha wapi?"

"Jikoni."

Kisha Marlys akakiona. Ubavuni mwa mashine, pale unapochomekwa mpira unaotoka kwenye mashine ya kuoshea vyombo, palikuwa bado pamezibwa. Alikijua kizibo kile bila kufundishwa. Kila sikukuu ya Shukrani Orville aliwasimulia wageni habari za watu wanaojifanya mafundi, wanafunga mashine mpya bila kutoboa kizibo, jioni vyombo vinaogelea kwenye maji machafu, anapigiwa simu yeye. Watu walicheka mpaka machozi. Na sasa Orville mwenyewe ameshika mpira, anataka kuuchomeka, anapiga mluzi.

Akisema, anamvunja moyo. Asiposema, vyombo vitaogelea humu humu, na fundi ataingia kweli.

"Mzee," alisema taratibu, "hicho kifuniko cha pembeni ni cha nini?"

Mluzi ukakatika. Orville akakipapasa kizibo kwa kidole.

"Hicho," alisema, "ni cha kuchekea wajinga." "Nipe nyundo. Hapana. Shika wewe."

Akaelekeza bisibisi kwenye kizibo. Ikacheza, ikateleza, ikacheza tena. Marlys akaufunika mkono wake kwa mkono wa kushoto, vidole vyote, mpaka mtetemo ukawa wa watu wawili.

"Ukikosa, gumba langu hilo."

"Basi tulia."

Akagonga mara moja. Kizibo kikadondokea ndani ya mashine, akainuka kukichokoa kwa vidole kupitia tundu la sinki. Orville akauchomeka mpira, Marlys akarudisha umeme.

Saa tisa kengele ililia. Fundi alikuwa dada mmoja anaitwa Janelle, kabeba sanduku la vifaa. Orville akamfungulia mwenyewe. Akamwambia kazi imeshaisha, ila apitishe mkono kwenye viungio, kwa sababu mwenye kosa halioni kosa lake.

Janelle akamwaga maji kwenye sinki, akapiga magoti pale pale jikoni. Orville akasimama kando, mikono kaificha mifukoni. Mkono wa dada ukatoka mkavu.

"Hamna hata tone. Umefunga vizuri, mzee."

"Sijafunga mimi," alisema Orville. "Fundi wangu yule pale."

Marlys hakugeuka. Alifungua maji, akaiwasha mashine, ingawa sinki lilikuwa tupu, akabaki ameliegemea, anaisikiliza ikinguruma.