Zipu ya Mgongoni

"Karibu, mama," msichana wa duka la nguo alimwambia mteja, lakini sauti ilitoka na mikwaruzo, ikabidi akohoe na kurudia. Hakuwa na mafua. Ni kwamba ilikuwa Ijumaa, na tangu Jumatatu hakuwa amezungumza na mtu, ukiacha jirani aliyegonga kuuliza kama umeme umekatika kwao wote. Dukani alifanya kazi Ijumaa na Jumamosi tu. Siku nyingine alishinda chumbani akituma maombi ya kazi yasiyojibiwa.

Kazi yake ilikuwa kuwashauri wateja mavazi na kuvisha midoli ya dirishani. Bosi alimwita Mtaalamu, nusu utani, nusu fahari, kwa ajili ya shahada yake ya chuo kikuu. Naye kazi aliifanya kwa moyo wote. Aliamini kabisa kwamba mtu akivaa kinachomkaa, hata dunia humsogelea kidogo. Tena alikuwa na utaratibu wake: mteja akipenda gauni la zipu ya mgongoni, kwanza alimwuliza nani atamfungia nyumbani. Zamani magauni ya aina hiyo yalikuwa yakirudishwa dukani.

Mteja huyu alikuwa mama wa makamo, anamwoza bintiye. Gauni la buluu lilimkaa utadhani limeshonewa mwilini mwake. Mtaalamu alimpandishia zipu, akamweka sawa mabega ya gauni, akamgeuza kwenye kioo.

"Nyumbani nani atakufungia, mama?"

Mama akakitazama kioo. "Alikuwepo," alisema. "Tulimzika mwaka jana."

Pembeni, fundi aliyekuwa akikunja pindo la suruali akaacha kukanyaga cherehani.

"Jamani, nisamehe mama. Fundi ataihamishia ubavuni sasa hivi, utajifunga mwenyewe..."

"Usiihamishe." Mama alishika kiuno cha gauni kama anayezuia lisichukuliwe. "Nguo zangu zote siku hizi ni za kujifunga mwenyewe, mwanangu. Siku ya harusi ya mtoto wangu nataka nifungwe na mtu. Yeye mwenyewe atakuwa saluni na wenzake, sitaki kumsumbua."

"Basi pitia hapa," Mtaalamu alisema kabla hajafikiri. "Si ulisema harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo? Nitakufunga mimi."

"Kweli?"

"Kweli kabisa, mama. Utanikuta mlangoni."

Mama alipoondoka na mfuko wake, fundi alicheka. "Mtaalamu, naona umeshapata ukoo."

"Hebu maliza pindo lako."

"Nauliza tu, nijue kama na mimi nijishonee suti."

Wiki ile ilikuwa na kitu ndani yake. Jumatano alipiga pasi blauzi yake nyeupe, Ijumaa akaipiga tena. Akiwa peke yake chumbani alijaribu kutamka, "Umependeza, mama," kwanza taratibu, kisha kwa furaha zaidi, mpaka akajionea haya.

Jumamosi mchana alisimama mlangoni. Mama hakutokea. Akarudi dirishani, akambadilisha mdoli skafu, akambadilisha tena.

"Utamchubua huyo," Bosi alisema.

Hatimaye gari lenye riboni likasimama nje. Mama akashuka, gauni limefungwa mpaka shingoni.

"Mwanangu! Wifi yangu kafika leo asubuhi, hata taarifa hakutoa! Kanifunga yeye. Nikasema lazima nipite, usije ukaningoja."

"Wala sikungoja, mama," alidanganya. "Geuka nikuone."

Mama akageuka. Zipu ilikuwa imelala sawasawa, na hata kifungo kidogo cha juu yake kilikuwa kimefungwa. Mtaalamu alitafuta uzi wa kukata, mkunjo wa kunyoosha. Hakuna. Alichobakiwa nacho ni yale maneno.

"Umependeza, mama."

"Wifi!" mtu aliita kutoka garini. "Bibi harusi ni mwanao, si wewe! Panda twende!"

Wakaondoka na vicheko vyao. Mtaalamu alifurahi, alifurahi kweli, ila hakuwa na wa kumwambia jinsi alivyofurahi.

Jioni, duka lilipofungwa, hakushika njia ya kwao. Alizungukia nyuma ya posta, ulipo ukumbi wa harusi aliotajiwa na mama, akasimama nje ya uzio. Kupitia dirisha alimwona mama akicheza katikati ya jamaa zake. Gauni lilifuata mwili bila kubana, na mabega yalikaa pale pale alipoyaweka.

"Dada, wewe wa upande gani?" aliuliza mlinzi wa getini. "Wa bibi harusi au wa bwana harusi?"

Alifikiri. "Wa gauni."

Mlinzi akaangua kicheko. "Haya, wa gauni, ingia basi. Viti vipo."

Naye alicheka, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza, imetoka safi bila mkwaruzo. Alitazama tena dirishani. Wimbo ulikuwa umekwisha. Wifi alikuwa akimfuta mama jasho shingoni kwa kitambaa.

"Asante, kaka," alisema. "Nimeshaliona."

Akabaki hapo mpaka wimbo mwingine ulipoanza, kisha akaondoka.