Likizo ya Dalmas Chumbani Mwetu

Dalmas alikuwa bingwa wa kubana matumizi, na matumizi aliyoyabana hayakuwa yake. Mwaka wa hamsini na saba alipata likizo kazini Nairobi, ambako alikuwa karani, akasema anawaleta mkewe na watoto Nakuru waone flamingo ziwani. Hoteli ya nini, na mtoto wa baba yake mkubwa yuko pale? Huyo ndiye Joash, mume wangu, fundi wa reli. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja cha landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli.

Walikuja mikono mitupu, hata unga hawakubeba. "Shemeji Nekoye," akaniambia akivua viatu, "hapa nitaokoa pesa ya kula na ya kulala, nikirudi ninunue baiskeli." Sisi tukahamia sakafuni, kitanda wakachukua wao. Kuku wangu wakaisha. Firigisi kila mara kwa Dalmas, kwa sababu kwetu firigisi ni ya mgeni wa heshima. Alizitafuna huku akiwacheka wajinga wanaolipia hoteli. Jamani, macho makavu yale!

Pale landhi, mgeni akizidi siku mbili lazima aandikishwe kwa msimamizi. Nikamwambia Joash, "Kamwandikishe." Akasema Dalmas hataki, ati ni aibu karani kuandikwa kama mtu asiye na pa kulala. Kuficha mgeni kulikuwa faini tu. Kupangisha chumba kulikuwa kufukuzwa, nyumba na kazi pamoja.

Jumamosi asubuhi, Joash akiwa kazini, msimamizi akaingia na askari. Alikuwa mzungu mrefu asiyebisha hodi. "Huyu nani?"

"Ndugu ya mume wangu, bwana. Mgeni tu."

Dalmas alikuwa amesimama anafunga tai. Mzungu akamtazama kuanzia soksi hadi shati, akacheka. "Karani mzima unalala bure kwa fundi?"

Hapo ndipo Dalmas alipotuua. Alijibu kwa Kiingereza chake cha ofisini, na askari akanitafsiria: yeye si mtu wa kulala bure, anamlipa Joash kila siku.

"Mwongo!" nikapiga kelele. "Hajalipa hata senti!" Lakini nani angemsikiliza mama wa landhi? Msimamizi akageuka akaenda zake.

Mchana Joash akarudi bila kazi. Tulipewa hadi Jumatatu tuwe tumetoka. Alimwomba Dalmas, nusura apige magoti: "Ndugu yangu, twende ukamwambie ukweli."

Dalmas akainamisha kichwa. "Nikigeuza maneno sasa nitaonekana mwongo. Na mimi ni mtu wa ofisi, Joash. Nielewe."

Kisha wakaanza kufunga mizigo, wawahi treni ya jioni. Wakatuacha na msiba wetu, hata pole hawakusema. Nanyama, mkewe, akanisogelea penye jiko la makaa. "Dada, tufungie chakula kidogo cha njiani. Cha kwenye treni ni ghali mno."

Joash akanitazama, kwa mazoea, kwamba nifunge. Nikachukua maji nikayamwaga juu ya makaa, moshi ukajaa chumba kizima.

"Mwambie mumeo akununulie," nikasema. "Si yeye hulipa kila siku?"

Dalmas akachukua sanduku lake akatangulia mlangoni, na Joash, maskini, akambebea la pili hadi stesheni.