Picha za Siku ya Kutoka Eda

Aliyenihadithia haya ni Kulthumu mwenyewe, msimu wa korosho uliopita, tumekaa chini shambani kwangu Likunja tunatenganisha korosho na mabibo. Nimeyaandika kama alivyoyasema, nikaongeza pale tu alipocheka akashindwa kumaliza.

Kulthumu na mumewe Hemedy walihamia Nachingwea mwezi wa nne, wakaingia kwenye nyumba yao mpya jua limeshazama. Nyumba ndogo, bati la bluu, kwenye mtaa wa viwanja vipya ambao hata jina halijakaa sawasawa, wengine wanauita Viwanjani, wengine Kwa Wageni. Siku mbili zikaishia ndani kwa kupanga vyombo, ya tatu Hemedy akaanguka uani, na magharibi ya siku hiyo hiyo, mwezi wa Kiislamu wa Mfungo Pili ukiandama, akafariki. Kulthumu akaingia eda mle mle ndani. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, mlangoni hatoki. Mtaa akawa anausikia tu. Kuuona hajauona.

Shemeji yake Halfani, kaka mkubwa wa marehemu, alikuja kutoka Mandawa akatundika kalenda ukutani. Akazungushia wino mwekundu tarehe nane ya mwezi wa tisa.

"Siku hiyo eda imeisha, shemeji. Nitakuja na gari, nyumba tunaifunga, wewe unarudi Mandawa kwa watu. Hapa humjui mtu, hata dukani hupajui. Utaishije mahali usipopajua?"

Kiwanja kile kiliandikwa majina mawili, la Hemedy na la Kulthumu. Halfani alilijua hilo, ndiyo maana hakulitaja.

Kulthumu akaitazama kalenda. Lakini baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani kule Nambilanje, na utotoni yeye ndiye aliyetumwa nje kutazama mwezi. Eda huhesabiwa kwa mwezi wa juu, si wa ukutani. Kila ulipoandama aliuona kwenye dirisha la jikoni, akapiga fundo kwenye pindo la shuka. Mafundo manne yakatimia, akahesabu na siku kumi. Ya kumi ilipozama, kalenda ya Halfani ilikuwa bado inamdai siku nne.

Alfajiri akaswali, akaoga, akavaa khanga ya maua. Akachukua simu ya tachi aliyoiacha Hemedy. Wifi yake Zaina, dada wa Halfani, aliyekaa naye muda wote wa eda, alikuwa anakoroma chumba cha pili. Kulthumu akafungua mlango akatoka.

Kibaridi kikamkuta usoni. Kwa jinsi pikipiki zilivyokuwa zikinguruma sikioni, alidhani njia ni nyembamba imepita chini ya dirisha. Kumbe ni barabara pana, nyekundu, na ng'ambo yake mikorosho imechanua. Akapiga picha ya kwanza.

Kila alfajiri alikuwa akisikia mtu anatwanga, akimwonea huruma mwanamke huyo wa kuamshwa mapema hivyo. Akaufuata mlio. Akamkuta mzee mwenye kofia ya sufu anagonga bati, anaunda majiko ya mkaa.

"Wewe unayepiga picha," mzee akasema, "umetumwa na serikali?"

"Nimejituma, babu. Mimi wa nyumba ile ya bati la bluu."

"Mle bado kuna mtu? Tangu ule msiba sijaona hata nguo imeanikwa."

"Zinaanikwa uani."

"Haya, nitoe mimi na majiko yangu. Kichwa usinikate. Naitwa Bernardo."

"Na komeo la mlango, la kufungia kwa ndani, unatengeneza?"

"Nikikosa, nakutengenezea mlango mzima."

Akasonga mbele. Sauti ya pili aliyokuwa akiitafuta ilikuwa ya mwanamke, kila siku kukipambazuka: "Toka hapo, mvivu wewe, kazi yako kula, hata haya huna." Kulthumu alikuwa akisema moyoni, masikini mume wa yule. Akakunja kona. Ni mama muuza vitumbua, Tunu, anamfukuza beberu kwenye beseni la unga.

Tunu akamtazama kuanzia khanga mpaka ndala. "Wewe si mjane wa marehemu Hemedy? Si uko edani?"

"Nilikuwa."

"Shemeji yako alituambia mpaka Jumatatu. Alisimama hapo hapo, kitumbua mkononi."

"Yeye anahesabu kwa kalenda. Mimi nahesabu kwa mwezi."

Tunu akahesabu kwa vidole vyenye mafuta, midomo ikicheza. "Ni kweli," akasema. "Lakini watu watasema, mwenzangu."

"Watasema nikiwa Mandawa, watasema nikiwa hapa. Bora waseme niko kwangu."

"Basi nipige picha. Ngoja huyu mbuzi atoke."

"Mwache. Huyo ndiye niliyemfuata. Nilidhani ni mumeo."

Tunu alicheka mpaka vitumbua vitatu vikaungua.

Picha zilifika kumi na saba. Kulthumu akakaa kwenye jiwe akamtumia Halfani zote, na maneno chini yake: Shemeji, mtaa wangu ndio huu. Eda imeisha jana magharibi.

Kabla ya adhuhuri pikipiki ikasimama mlangoni. Halfani, vumbi mpaka kwenye nyusi, mkononi ana kufuli kubwa jipya.

"Umemvunjia ndugu yangu heshima. Kalenda ile umeiona?"

"Nimeiona, shemeji. Ina picha nzuri."

"Usinifanyie mzaha."

Zaina akatokea na mswaki mdomoni. "Kaka, eda ni kwa mwezi. Hata mama alitoka hivyo hivyo. Mimi nilijua tangu jana."

"Ulijua, na hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Halfani akamgeukia Kulthumu. "Hata kama. Ukiugua hapa utamwita nani?"

Kulthumu akanyoosha kidole njiani. Bernardo alikuwa anakuja na komeo begani na nyundo, nyuma yake Tunu na bakuli lililofunikwa. Wakaingia wakitoa salamu. Bernardo akapiga magoti mlangoni, akaanza kugongomea upande wa ndani, wala hakumwuliza Halfani kitu.

"Mimi simfukuzi mtu, shemeji," Kulthumu akasema. "Ukija kama mgeni utapikiwa. Kufuli hilo rudi nalo. Kwenye karatasi ya kiwanja jina langu lipo, na mimi mwenyewe nipo."

Halfani akatazama komeo likikazwa mpaka msumari wa mwisho. "Jumatatu nakuja na wazee," akasema.

"Waje. Vitumbua vitakuwepo."

Akawasha pikipiki akaondoka, kufuli limejaa mfukoni. Wazee hawakuja, lakini siku hiyo Kulthumu hakulijua hilo.

Wakala vitumbua. Bernardo akarudi kwenye majiko, Tunu kwa beberu wake. Zaina akajinyoosha kwenye mkeka, usingizi ukamchukua hata sahani hajaisogeza. Kulthumu akaitoa sahani, akafunga komeo kwa mkono wake. Kisha akapanda kitandani, akalala katikati, jua la saa nane likiwa juu ya bati.