Ncha ya Kamba ya Nanga

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na Jumamosi ile ya Januari mto Calder ulikuwa na rangi ya kijani iliyofifia, rangi ambayo wavuvi wa samaki aina ya stilihedi huisubiri msimu mzima wa baridi huku wakizichosha familia zao kwa hadithi. Marit Sundquist hakuyapenda maji yale. Kwa uvuvi yalifaa sana, ila povu la ukingoni lilikuwa linapanda kwenye mawe badala ya kushuka, na hakuna aliyezaliwa bonde lile asiyejua maana yake.

"Yanapanda, baba."

"Maji hupanda na kushuka tangu sijakuzaa," alijibu mzee Orrin. "Unataka kuvua au unataka kurudi kulala?"

Marit aliingia mashuani na kukaa kwenye kiti cha makasia, kwa sababu siku ile haikuwa ya uvuvi tu. Tangu daktari awaambie kwamba akili ya mzee imeanza kumtoka, kaka yake Marit alitaka afungiwe nyumbani. Ni Orrin mwenyewe aliyeweka masharti, akiwa mezani, akili ikiwa timamu: "Nitaendelea kwenda mtoni. Siku nitakapokosea kitu cha kuua mtu, nishusheni mashuani, na msinionee huruma." Wakapeana mikono. Sasa kila safari Marit alikuwa anapiga makasia na kuchunga kosa kwa pamoja, na kazi hiyo ya pili ndiyo iliyomkondesha.

Mzee alikuwa nyuma ya mashua, amemgeuzia mgongo, akishughulika na kamba ya nanga. Alikawia huko. Nanga ile aliitengeneza yeye mwenyewe kwa risasi aliyoiyeyusha na kuimimina, baada ya ile ya zamani kupotelea mtoni kabla ya Krismasi. Aliililia ile ya zamani kama mtu aliyefiwa na mbwa.

"Ncha tupu!" hatimaye aliita.

"Tupu!" Marit aliitikia.

Ndivyo walivyofanya miaka yote, yeye na baba yake, na babu kabla yao. Ncha ya kamba ya nanga haifungwi fundo. Nanga ikinasa kwenye maji makali, mto huivuta mashua chini kwa nyuma. Dawa ni moja tu, kuiachia kamba yote ikimbie na kutokomea na nanga yake. Anayeandaa kamba huita, na mwenzake hutazama ndipo aitikie. Marit aliitikia bila kutazama. Ilikuwa baridi, mikono ilikuwa mifukoni, na aliyeita alikuwa baba yake.

Walitia nanga juu ya kidimbwi chenye kina kirefu, pale maji ya kasi yanapokutana na maji yaliyotulia. Orrin alisimama mbele, magoti ameyaegemeza kwenye ubao, akaanza kutayarisha mshipi. Hapo ungeapa kwamba mtu yule haumwi chochote. Jana alimwita mjukuu wake kwa jina la dada yake aliyekufa, lakini vidole vyake havikusahau hata hatua moja: kijipande cha mayai ya samaki kwenye kitanzi cha ndoana, juu yake kishungi cha uzi wa sufu wa rangi ya chungwa ili unase kwenye meno ya samaki na kumchelewesha kutema, kisha chubwi ya risasi, ndefu na nyembamba kama penseli. Alirusha kidogo upande wa juu wa mto, akaacha chubwi izame na kutembea na maji.

"Sikia," alimwambia binti yake. "Tap. Tap. Tap. Inagonga jiwe, inanyanyuka, inagonga."

"Naisikia mpaka huku."

"Muongo wewe. Ikinyamaza, ni nyepesi. Iking'ang'ania, ni nzito." Akavuta, akaikata risasi kidogo kwa koleo, akarusha tena. "Na ikisita kama mtu aliyesahau anachotaka kusema, huyo ni samaki. Mpige."

Marit alitamani asingesema maneno hayo.

Chubwi ilisita. Orrin alinyanyua ufito wa mshipi, na ufito ukapinda hadi kwenye mpini. Stilihedi aliruka katikati ya kidimbwi, mweupe kama bati jipya, mzee akapiga ukelele wa furaha ambao Marit hakuwa ameusikia tangu mama yake azikwe.

Ndipo Marit alipoona majani ya msonobari yakipita kando ya mashua, mengi, na maji yamegeuka kahawia. Akageuza shingo. Mti mzima ulikuwa unakuja kutoka kwenye kona ya juu, mizizi mbele.

"Baba, tunaondoka!"

"Subiri, namleta!"

Marit alivuta kamba ya nanga. Nanga ilikuwa imenasa kati ya mawe. Akaiachia kamba yote, akaisikia ikikimbia vizuri kupitia kwenye kapi karibu na kiti chake, kisha ikagonga, ikasimama. Sehemu ya nyuma ya mashua ikazama shubiri nzima, na maji ya barafu yakammwagikia mgongoni. Alitazama kapi. Kwenye ncha ya kamba kulikuwa na fundo kubwa, limekazwa, limezungushiwa uzi wa rangi ya chungwa.

"Kisu! Baba, kisu chako!"

Orrin alimtazama, akamtazama samaki wake. Halafu akauachia ufito uende, akachomoa kisu kiunoni na kumpa, mpini mbele. Marit alikata akipiga kelele bila kujua anasema nini. Kamba ilikatika, mashua ikaruka, na mizizi ikapita palepale walipokuwa, ikikwaruza ubavu.

Kwa muda walielea tu. Marit alirudi kushika makasia. Mzee alikuwa anachota maji kwa kopo la kahawa, akaliona lile fundo sakafuni, akaliokota.

"Nani kafunga hili?"

Sauti yake ilikuwa ya zamani, sauti iliyokuwa inawanyamazisha vibarua wake wa kukata miti msituni. Marit aliuona uso ule na moyo ukamfa.

"Mimi," alisema. "Sikutaka nanga ipotee tena."

"Wewe! Nimekufundisha nini? Toka kwenye hicho kiti. Aliyefunga hili hashiki kasia. Nipe!"

Na alikuwa ameshasimama, amenyoosha mikono. Mbele yao mto ulikuwa unaingia kwenye genge jembamba kati ya miamba, na mngurumo wake ulikuwa unasikika. Marit aliyakumbatia makasia.

"Kaa, baba. Tazama huo uzi."

Alitazama. Aliushika uzi, akatazama kishungi kilichobaki kimenasa kwenye mkono wa sweta yake. Akakaa taratibu.

"Niliita tupu?"

"Uliita."

Orrin aliliacha fundo lianguke sakafuni. Alivua kofia, akaiweka magotini, mvua ikamnyeshea kichwani. Marit aliielekeza mashua kwenye mkondo wa kati, akavuta kwa nguvu zake zote, na genge likawapitisha wakiwa wamelowa. Alikuwa analia, wala hakujificha.

Kwenye maji matulivu ya chini mzee aligeuka. Uso wake ulikuwa umekunjuka, mchangamfu. Aliliokota fundo sakafuni, akaligeuzageuza, na uso ukakunjamana.

"Marit! Nani kafunga hili?"

Marit alipiga kasia mara mbili kabla ya kujibu.

"Mtu ambaye leo ni mwisho wake mtoni, baba."

"Vizuri," alisema Orrin, akalitupa fundo majini. "Na usimwonee huruma."