Namba 2,174

Umeme ulikatika alfajiri. Dada Diski, kama alivyoitwa mtunza orodha wa hospitali, alipofungua chumba cha kumbukumbu saa moja na nusu, miguu ikimuwaka moto kwa kutembea tangu nyumbani maana nauli ilikuwa imepanda tena, alikuta jenereta linanguruma nje na mashine kuu imejiwasha yenyewe. Kwenye kioo kulikuwa na mstari mmoja tu: faili la orodha halisomeki.

Akajaribu tena, na tena. Akainamisha sikio. Ndani ya mashine diski ilikuwa inagonga, tak, tak, kama mdaiwa anayebisha hodi huku akiomba asifunguliwe.

Orodha hiyo ndiyo iliyobeba majina ya wote waliosubiri kupasuliwa macho katika hospitali ile. Kila mtu na namba yake, kila namba na zamu yake, aliyoipanga daktari kwa ubaya wa jicho, si kwa kutangulia kufika. Alitoa diski za nakala kabatini, tano, kila moja imebandikwa siku yake ya wiki, akazichomeka moja baada ya nyingine. Faili tupu. Tupu. Tupu. Nakala nzima ya karibuni kabisa ilikuwa kwenye diski ya Ijumaa, na ilikuwa ya wiki kumi na moja zilizopita. Tangu hapo diski zilikuwa zimejaa; mfumo ulikuwa unaandika faili lisilo na kitu, kisha unajipongeza kwa herufi za kijani: Nakala imekamilika. Yeye naye alikuwa anaziamini herufi hizo na kutia saini daftarini kila asubuhi.

Alizihesabu saini. Hamsini na tano, zote za mkono wake.

Barua za kuomba diski mpya aliandika tatu. Aliomba pia mashine ya pili, hata kuukuu, ili awe anazifungua hizo nakala aone kama zinafunguka. Akajibiwa asubiri bajeti. Fomu za karatasi nazo zilishapigwa marufuku; mgonjwa alipewa kikaratasi cha namba na zamu tu. Mkuu wa Utawala alitaka kuwa na hospitali isiyo na karatasi.

Nakala ya Ijumaa iliishia namba 2,041. Jana jioni alikuwa ameandikisha namba 2,231. Watu mia moja na tisini walikuwa ndani ya diski inayokata roho.

Saa tatu kamili aliwasha programu ya kuchokoa faili bovu. Ilisoma kipande kwa kipande, ikapata jina, ikalihifadhi kwenye diski ya Ijumaa, aliyokwisha kuipunguzia mafaili ya zamani, ikaenda kwa linalofuata. Jina moja, dakika mbili. Haikukubali kuharakishwa wala kurukishwa. 2,042. 2,043. Kitu kimoja alikijua bila kuambiwa: diski ya namna ile ikizimwa haiamki.

Saa sita mlango ulifunguka bila hodi. Alikuwa mama mshonaji, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Alikuwa apasuliwe Jumatatu.

"Mwanangu, huko nje wanasema majina yamepotea. Langu limetoka?"

"Namba ngapi, mama?"

"Elfu mbili mia moja sabini na nne. Naijua kuliko siku niliyozaliwa."

Dada Diski alitazama kioo. 2,131. "Bado, mama. Linakuja. Saa saba na nusu hivi."

"Basi nakaa. Nyumbani nikafanye nini? Wiki jana nimeshona mkono wa shati penye kola. Mwenyewe kaja kaniuliza, mama, hili shati la nani, la pweza?" Alicheka peke yake. "Wateja wamebaki wawili. Mmoja ni dada yangu."

Akarudi benchi la nje, akiupapasa ukuta uleule.

Saa saba kasoro dakika tano aliingia fundi umeme, ambaye hospitali nzima ilimwita Waya. Hakumtazama usoni.

"Dada Diski, nina habari mbaya, na sina nyingine."

"Sema."

"Wageni wa wizara wamefika. Jenereta halibebi upande huu na ukumbi kwa pamoja. Viyoyozi vile vinakula umeme kama harusi inavyokula mchele. Nimeambiwa saa saba nihamishie ukumbini."

"Waya, nipe saa mbili na nusu."

"Mimi? Mimi ni kidole tu. Kichwa kiko kule."

Alikimbia koridoni. Mkuu wa Utawala alikuwa mlangoni pa ukumbi akinyoosha tai, nyuma yake viti vimefunikwa vitambaa vyeupe, na ukutani limetundikwa bango: KUMBUKUMBU ZA KIDIJITALI, MAFANIKIO YETU.

"Mkuu, tusizime. Bado majina sabini."

"Si unayo nakala? Kila siku unatia saini kwamba nakala ipo."

"Nakala zilikuwa tupu, Mkuu. Kosa langu nalibeba. Lakini niliandika barua tatu."

"Barua tutazijadili. Wageni hawakai kwenye joto."

"Basi viyoyozi tu vizimwe..."

"Binti." Alishusha sauti, akitabasamu kwa mgeni aliyekuwa anapita. "Waliokosekana watajiandikisha upya. Tatizo liko wapi?"

"Upya ni kupoteza zamu, ni mwisho wa foleni. Ni miezi tisa. Vikaratasi vyao vya namba wanavyo, tuvitumie hivyo."

"Kikaratasi mtu anaghushi. Mfumo ndio unaosema. Nenda kawaambie mtandao unasumbua, waje wiki ijayo. Na mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi, sijui kama unakumbuka."

Alikumbuka. Mama yake aliyelala nyumbani akiumwa kifua, chumba cha pili, alikumbuka, na mwenye nyumba alikumbuka kuliko wote.

Aliporudi, Waya alikuwa amesimama kwenye sanduku la swichi, simu sikioni. "Ndiyo, Mkuu. Sasa hivi, Mkuu." Akaziba simu kwa kiganja. "Umefika ngapi?"

"2,161."

"Nimeshasema swichi imekwama. Nimesema mara mbili." Simu ikapiga kelele kiganjani mwake. Alifumba macho, kama anayeng'olewa jino, akashusha swichi.

Feni ilizunguka ikachoka. Kioo kikawa cheusi. Diski iligonga mara moja, kisha kimya.

Saa saba na robo Waya alimvutia waya mrefu kutoka jikoni, bila ruhusa ya mtu. Mashine iliwaka. Diski haikuwaka. Walijaribu mara sita. Mara ya saba Waya alimshika bega, akaondoka bila utani wowote.

Benchini na kando yake watu walikuwa wapatao thelathini, wengine wamefunga jicho moja kwa kitambaa. Wote waligeuza nyuso waliposikia mlango.

"Mtandao..." alianza, akajikatiza.

"Hapana. Si mtandao," akasema. "Majina yenu yalikuwa humu. Nakala zilikuwa tupu, nami nilizitilia saini bila kuzifungua. Leo nilikuwa nayaokoa. Nimeokoa mia moja na ishirini. Mama, nilikuwa nimebakiza dakika ishirini na sita nifike kwako. Wamekata umeme wa chumba hiki, wameupeleka ukumbini, kuna wageni. Wanataka mjiandikishe upya."

Mzee mmoja alitoa kikaratasi chake mfukoni, akakigeuza huku na huku.

Mama mshonaji ndiye aliyeinuka. "Huo ukumbi uko wapi?"

"Nyoosha koridoni, mama. Ndiko pekee kwenye mwanga."

"Mwanga siuoni, mwanangu."

Dada Diski alifunga chumba cha kumbukumbu, akatia ufunguo mfukoni, akampa mkono. Nyuma yao benchi lilianza kulia kwa watu kuinuka, mmoja mmoja, kila mtu na kikaratasi chake.