Pua ya Najiat

Najiat wa Gongoni, mjini Tabora, alikuwa hajawahi kusikia harufu ya kitu chochote tangu azaliwe, wala hakuna aliyejua. Yeye alidhani watu wanaigiza tu. Mama akisema udi unanukia, naye huitikia, "Unanukia kweli," yakaisha.

Siku moja Mwalimu Koleta alileta darasani vikombe vilivyofunikwa vitambaa. Akawafunga watoto macho kwa kipande cha khanga, mmoja mmoja, wanuse na kutaja. Fikiri akataja karafuu. Shukrani akapiga kelele, "Kitunguu!" Zamu ya Najiat ilipofika, alivuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Wapi! Akakitikisa kikombe kwa ujanja, kikalia chakachaka.

"Karafuu," akasema.

Yalikuwa majani ya chai. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akachuchumaa mbele yake.

"Hukusikia harufu, mwanangu?"

"Sijawahi, mwalimu." Machozi yakamlengalenga.

Kicheko kikakatika. Mwalimu Koleta hakumgombeza mtu. Alikata embe na papai vipande vidogo. "Fumbeni macho, mbane pua, ndipo mle. Asiachie mtu mpaka niseme."

Akamtilia kila mmoja kipande mkononi, wakatafuna.

"Umekula nini, Fikiri?"

Fikiri, ambaye hakosi jibu, akababaika. "Kitamu... sijui, mwalimu!"

"Achieni pua."

"Embe!" wakapaza sauti.

"Ulimi ulijua utamu tu," Mwalimu akasema. "Pua ndiyo iliyowaambia ni embe. Najiat hula hivyo kila siku."

"Lakini mimi nalijua embe," Najiat akasema polepole. "Lina nyuzi. Papai linateleza."

Wakabana pua tena, safari hii wakizisaka nyuzi kwa ulimi, na kila aliyezipata alimgeukia yeye.

Jioni alimsimulia mama yake, Mwamvita, aliyekuwa akianua nguo. Nguo zikamponyoka mikononi.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Nilidhani na wewe husikii, unasema tu."

Mwamvita akacheka huku analia, akamvuta kifuani. Alimwahidi kwamba wataenda kumwuliza daktari.

"Mama, mvua ya kwanza inanukiaje?"

Mwamvita alifikiri sana. "Ni kama umekaa kiangazi kizima unamngoja mtu, halafu ukamsikia anabisha hodi."

Najiat akatabasamu. "Hiyo naijua," akasema, akainama kumsaidia kuokota nguo.